Mume wa Darasani

Jumatatu, 4 Februari

Fundi wangu,

Leo nimepewa mume. Usishtuke, ni wa darasani.

Muhula huu tumehamia nyumba ya mazoezi. Iko nyuma ya maktaba ya chuo, na ni nyumba kweli, si picha ubaoni: sebule, jiko, chumba kimoja cha kulala, meza ya kulia yenye mguu mmoja mfupi. Sisi tunaosoma elimu ya maisha ya familia tunagawanywa makundi, na kila kundi linakuwa familia muhula mzima. Mnapika, mnafanya vikao, mnagombana, mnapatana. Mwalimu anakaa pembeni karibu na dirisha, kimya, kama jirani aliyekuja kuazima chumvi akasahau kuondoka.

Vyeo anagawa yeye. Hagawi kwa umri wala kwa sura. Mimi aliniita nje kwanza. Akaniuliza, kwa hali yangu, ningependa kuwa nani. Shangazi, jirani, mtoto — nichague mwenyewe. Nikasema mke. Ndiyo kazi niliyoizoea.

Mume wangu tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Kijana wa miaka ishirini na kitu, shati limechomekewa upande mmoja. Mama mkwe wangu ni Kimya, msichana mdogo kuliko wote darasani. Hata akiitwa kwenye mahudhurio anainua kidole tu. Na mtoto wetu wa miaka mitano ni Mkunga. Mkunga kweli, mstaafu, kavuka sitini, na nusu ya watu wa mtaa wake walipita kwanza mikononi mwake.

Redio akasimama akashika kichwa. "Jamani, nimeoa leo leo, mahari sijatoa, na mtoto wangu wa kwanza ana mvi."

Mkunga hakuchelewa. "Baba, nibebe."

Darasa zima lilivunjika mbavu. Na mimi nilicheka, Fundi. Nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu nikaona haya, nikatazama mlangoni kama mtu anayeogopa kukutwa.

Sisi wawili hatukujaliwa. Sasa nimepata mtoto, anavaa miwani ya kusomea.

Alhamisi, 7 Februari

Asubuhi kazini kwa dobi, mashuka ya hoteli. Pasi ya kulia imeharibika tena, kwa hiyo tulipokezana moja. Mchana chuoni.

Redio aliniuliza wakati tunaosha vyombo kwa nini mtu mzima kama mimi nimerudi shule. Hakuuliza kwa ubaya. Nikamweleza kuhusu yule mama wa korido.

Wewe hukumwona, ulikuwa ndani na mipira puani. Mimi na Mama, mama yako, tulikuwa kwenye korido ya hospitali, madaktari wanapita kama upepo. Akaja mama mmoja mnene, kitambulisho shingoni, kabeba kiti chake mwenyewe. Hakusema pole. Aliuliza tu anaweza kukaa. Akakaa. Akatueleza kila mlango unaofunguliwa ni wa nini, nani kaingia, kwa nini wanakimbia. Mambo yalipoisha ni yeye aliyetuambia twende tukushike mikono kabla haijapoa. Bila yeye nisingejua kwamba inaruhusiwa.

Baadaye nilimuuliza kazi ile inaitwaje, na mtu anaisomea wapi. Ndiyo nikaja hapa.

Redio alinyamaza. Sahani mbili nzima, Redio kanyamaza. Kisha akasema, "Basi lazima uende hospitali, dada. Wakikupeleka kwingine ni kupoteza mtu."

Nikamwambia si rahisi. Chuo hakimpeleki hospitali kwa mafunzo mwanafunzi aliyefiwa ambaye mwaka haujatimia. Anapelekwa chekechea. Mwaka wetu haujatimia. Lakini Mwalimu anaweza kumwombea mtu ruhusa, kama ameona mwenyewe kwamba anaweza. Ataamua mwisho wa muhula.

Chekechea si pabaya. Napenda watoto. Ila si hicho nilichokijia.

Jumanne, 12 Februari

Kikao cha kwanza cha familia. Hoja: nani kamaliza maziwa.

Kimya kanishangaza. Alikaa kwenye kiti cha mama mkwe, akajifunga kanga kifuani, akawa mtu mwingine kabisa. Aliinua kifuniko cha sufuria kwa vidole viwili. "Huu mchuzi alipika nani? Au ulijipika wenyewe?"

Redio alitaka kunitetea. Mama mkwe akamgeukia: "Wewe nyamaza, nilikubeba miezi tisa, huyu kakubeba lini?"

Mkunga alikuwa chini ya meza analia kwa sauti ya kitoto, mguu mmoja umenasa kwenye kiti. Tulimtoa watu watatu.

Kanuni ya Mwalimu kwenye vikao ni hii: kabla hujajibu, rudia ulichoambiwa, mpaka aliyesema akubali kwamba ndicho. Ni ngumu kuliko unavyodhani. Redio alijaribu mara kadhaa, kila mara anarudia alichotaka yeye kusikia. Mwalimu anasema "taratibu" tu, bila kupandisha sauti. Ndiyo maana tunamwita Taratibu. Nampenda anavyosubiri. Sijawahi kumwona mtu anayesubiri kwa bidii vile.

Nilijaribu nyumbani. Mama kasema bomba la jikoni linavuja. Nikasema, "Mama, unasema bomba la jikoni linavuja."

Akanitazama. "Nimesema linavuja. Sasa kuna bomba na kuna kasuku. Tumwite fundi wa yupi kwanza?"

Jumatatu, 18 Februari

Nimepita duka la dawa. Kioo ulichoweka kipo. Pembeni, chini, puti uliyoshikizia kioo imekauka na alama ya kidole gumba chako, ile yenye kovu. Nilijifanya nasoma bei.

Jumapili, 24 Februari

Shemeji kaja na gari kumchukua Mama akaishi kwake. Mara ya pili hii. Ana nyumba kubwa, watoto, kila kitu. Mimi nilikaa jikoni ili wazungumze.

Niliwasikia. Shemeji kasema huyu si mwanao, Mama, ni mjane wa mwanao, na bado kijana, kesho ataolewa. Mama kasema, "Akiolewa nitakwenda harusini. Sasa hivi ana mtihani Jumanne."

Nina mtihani Jumanne, kweli. Sikujua kama anajua.

Shemeji kaondoka na mkungu wa ndizi tuliompa. Mama akaja jikoni akaanza kukosoa ninavyokata vitunguu.

Ijumaa, 1 Machi

Jambo la leo nataka kuliandika vizuri.

Tangu muhula uanze, mimi ndiye ninayeandaa chai ya familia baada ya kikao. Leo Kimya kanisaidia. Tulikuwa wawili jikoni. Kasema kwa sauti yake ile ndogo, si ya mama mkwe, "Dada, nikuulize? Redio ni wa mkono wa kushoto?"

Nikasema sijui. Kwa nini?

Kasema, "Kwa sababu anaandika kwa kulia. Lakini chai anakunywa kwa kushoto. Hapa tu. Kantini anashika kwa kulia."

Nikatazama trei. Vikombe vyote mikono yake imeelekea kulia. Kimoja kimeelekea kushoto, na hakina sukari.

Kikombe chako, Fundi. Tangu kioo kilipokukata gumba ulikuwa unashika kwa kushoto, na mimi nilikuwa nakugeuzia mkono wa kikombe kabla hujaketi. Miaka yote ile. Mkono wangu umeendelea wenyewe, haukuniuliza.

Na yule kijana hajasema neno. Redio, anayesema hata usingizini. Anapenda sukari, nimemwona kantini anaweka mpaka kijiko kinasimama. Kwangu amekunywa chungu, kwa mkono usio wake, na anasema "asante mke wangu" kama kawaida.

Nilipeleka trei. Nikaweka kikombe chake upande wa kulia, na sukari. Alikitazama, akanitazama mimi. Hakukigusa mara moja.

"Nimefukuzwa?" akauliza taratibu.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia akinywe kikiwa cha moto.

Mama yake huyu kijana sijamwona, lakini nampa heko.

Jumatano, 6 Machi

Leo ilikuwa siku ya matukio. Kila familia inapewa jambo moja kubwa la kulibeba, na mwisho wa muhula inalionyesha mbele ya chuo na ndugu waalikwa. Mwalimu anaweka vikaratasi ndani ya sufuria, mtoto wa familia anachota. Familia ya kwanza kapata baba kuachishwa kazi. Ya pili, binti kapata mimba. Wakapiga kelele, wakaanza kupanga.

Mkunga kachota cha kwetu. Akavaa miwani. Akasoma, akakikunja tena, akakiweka mfukoni.

Mwalimu kasema, "Mtoto, tusomee."

Mkunga kasema, "Mtoto bado hajui kusoma."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Kanyoosha mkono, Mkunga akampa. Baba wa familia amefariki ghafla.

Hakuna aliyenitazama. Ndivyo nilivyojua kwamba wote wananitazama.

Alhamisi, 7 Machi

Redio kaenda kwa Mwalimu bila kunishirikisha. Kamwambia yeye hafi. Abadilishiwe, awe mlevi, awe kafungwa, aoe mke wa pili, lolote, ila kufa hafi. Mkunga ndiye aliyenieleza, akicheka na kufuta macho.

Nilimkuta nje ya maktaba. Nikamwambia, "Asante. Lakini usinifanyie hivyo."

Akasema, "Dada, kufa siwezi mbele yako. Nitacheka au nitalia, na maiti hafanyi yote mawili."

Nikamwambia akinificha msiba wa kuigiza, basi na mimi nikaombe kazi duniani kusiko na watu. Yule mama wa korido hakuchagua milango. Kila inayofunguliwa, anakaa.

Akarudia maneno yangu, kama kanuni inavyosema. Mara hii aliyapata yote.

Kisha Mwalimu kaniita. Kasema mambo waziwazi, nami nashukuru. Naweza kukataa zoezi hili, hakuna alama itakayopungua, nitaenda chekechea na nitafaulu vizuri. Nikikubali, atanitazama siku ile, na kwa atakachokiona ataniombea ruhusa ya hospitali au hataniombea. Hatanipendelea kwa huruma. "Huruma yangu kwako ningeionyesha kwa kukukatalia," kasema.

Nikasema nakubali. Kasema taratibu, nisijibu leo. Nikasema nimejibu.

Jumapili, 10 Machi

Ndugu wanaalikwa. Kwa hiyo ilibidi Mama ajue.

Nilimwambia tukichambua mchele. Nilizunguka sana. Nikaanza na nyumba ya mazoezi, nikaenda kwenye sufuria, nikarudi kwa Mkunga. Mama kachambua sinia zima bila kuinua kichwa. Nilipomaliza akapepeta, akasema:

"Unasema umepewa kazi ya kufiwa na mume tena, mbele za watu. Na wakikuona unaweza, ndiyo utakwenda kukaa na waliofiwa hospitali. Wasipoona, hutakwenda. Ndicho?"

Neno kwa neno. Nikasema ndicho, Mama.

"Na kasuku si ndege mjinga," akasema.

Nikamuuliza kama angependa nisifanye. Ni mwanawe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mimi nani nimpandishe jukwaani.

Akafikiri. Akasema mwanawe alipanda ghorofa za watu kuweka vioo, akining'inia kwa kamba, na hakuna aliyemuuliza mama yake kama angependa. "Nitakuja. Nitavaa nini?"

Jumanne, 19 Machi

Kimya kaomba aje nyumbani amwone Mama. Anataka kujua mama aliyefiwa na mtoto anakaaje, anashika nini, anasema nini. Niliogopa kidogo. Nilimwandaa Mama, nikamwandaa Kimya, nikanunua mkate.

Walikaa kibarazani. Kimya kaweka mikono magotini, kauliza swali lake kwa adabu, maneno yakitetemeka.

Mama kasema, "Hafanyi chochote. Anauliza kama watu wamekula."

Kimya kangoja yaje mengine. Hayakuja. Akauliza, "Halii, bibi?"

"Atalia na nani?" Mama kasema. "Mkwe wake yuko mbio na birika. Kila akigeuka yuko mbio na birika. Mtu hawezi kumlilia mtu anayekimbia, chai itamwagika."

Nilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimeshika birika.

Mama hakugeuka. Kimya katutazama wote wawili, halafu kafanya jambo ambalo sitalisahau. Katoka kwenye kiti chake, kaja kunipokea birika, kamimina mwenyewe, mimi kaniachia mikono mitupu. Msichana wa miaka kumi na tisa.

Alipoondoka Mama kasema huyu mtoto atafika. Ila apaze sauti.

Jumatatu, 25 Machi

Mazoezi ya mwisho. Tulifanya onyesho zima, tangu habari inapofika mpaka wageni wanapoondoka.

Nilidhani nimefanya vizuri. Sikutetereka. Nilimtuliza mtoto — Mkunga analia vizuri mno, mpaka mtu unasahau mvi. Nilimkalisha mama mkwe. Niliwapokea majirani, nikawapa viti, nikawashukuru. Redio alikuwa chumbani, kafa, katulia ajabu. Tulipomaliza watu walipiga makofi.

Mwalimu hakupiga. Kasema tubaki mimi na yeye.

"Unafanya kazi kwa dobi?" kaniuliza. Anajua kwamba ndiyo.

"Umepiga pasi," kasema. "Kila kitu kimenyooka. Umembeba kila aliyekuwa chumbani, na hakuna uliyemruhusu akubebe hata dakika. Nikikupeleka hospitali hivyo, watakusifu wote. Baada ya miezi sita utaanguka, na hakuna atakayejua ulikuwa umebeba nini."

Nikamuuliza anataka nilie?

"Sitaki ulie. Sitaki chochote. Nataka nione kama mtu akikaa karibu nawe, nawe unaweza kukaa." Kisha kasema, "Kwa nilichokiona leo, siwezi kukuombea. Bado kuna Jumamosi."

Nimekasirika njia nzima. Nimemkasirikia mtu nimpendaye. Kufika nyumbani nikaanza kufua mapazia ambayo si machafu, na nikiwa na mikono kwenye povu ndiyo nikaona kwamba mwanamke yule kaniona mpaka ndani ya mfupa.

Watu wa namna hii wanatoka wapi, Fundi? Nataka kuwa mmoja wao. Hata nusu.

Ijumaa, 29 Machi

Mama kapiga pasi nguo yake mwenyewe. Kakataa nisiiguse. Ile ya bluu, uliyomnunulia ulipolipwa kazi ya benki. Ilikuwa kubwa mabegani ukamwambia atakua. Bado anakucheka.

Jumamosi, 30 Machi

Naandika chumbani, nyumba ya mazoezi. Sebuleni wamefungua milango yote miwili, viti vimejaa mpaka uani. Familia ya mimba imemaliza, wamepigiwa makofi marefu. Sisi ndio tunaofuata, lakini tumesimama. Nina dakika chache, sijui ngapi. Redio yuko kitandani, tayari kufa. Anakula biskuti. Nimemwambia marehemu asiache makombo.

Kilichotokea ni hivi.

Kimya kachungulia mlangoni akamwona baba yake mstari wa mbele. Hakumtarajia. Sauti ikakata. Si kwa kuogopa tu — haitoki kabisa, anafungua mdomo na hewa inapita. Mkunga kamkalisha, kamsugua mgongo, kampa maji. "Huyu hajifungui leo," kasema. Mwalimu kasema taratibu, tunaweza kupunguza mama mkwe kwenye onyesho, mke abaki na mtoto na majirani.

Nikaona ahueni. Naandika ukweli. Mama mkwe akiondoka, nabaki na wageni, na wageni nawaweza.

Kimya kanikazia macho. Hana sauti lakini katikisa kichwa. Halafu kanyanyuka, katoka nje. Nikadhani kakimbia.

Karudi anamwongoza Mama kwa mkono. Nguo ya bluu.

Mama kasimama hapo mlangoni, kamtazama Redio na biskuti yake, kamtazama Mkunga na magauni yake ya kitoto. Kasema, "Huyu binti kaniambia kwa vidole kwamba kiti kiko wazi. Nimeelewa vibaya?"

Mwalimu kasema hakuelewa vibaya. Lakini si kazi ya mgeni, na si jambo dogo, na hakuna anayemlazimisha.

"Mimi kuigiza sijui," Mama kasema.

"Najua," Mwalimu kasema.

"Nitakaa tu. Nikichoka nitasema nimechoka."

Mwalimu kanigeukia. "Ni wewe utakayesema. Akija, si zoezi tena. Ukikataa, nitaelewa, na sitaandika neno."

Nilitaka kusema Mama kachoka, Mama ana miguu mibovu, Mama nimletee maji kwanza. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni, yamepigwa pasi. Mama alikuwa ananitazama. Fundi, ana macho yako. Najua ni wewe uliyekuwa na macho yake, lakini ndivyo nilivyozoea kuhesabu.

Katika msiba wako sisi wawili tulilisha watu wote. Sikumbuki kama tulikaa.

Nikasema, "Aje."

Kimya kataka kumvika kanga ya mama mkwe. Mama kakataa, kasema aliyovaa inatosha, mwanawe aliilipia. Kisha kauliza tutakaa wapi. Mwalimu kamwonyesha viti: kimoja cha mama mkwe kulia, kimoja cha mke kushoto, meza katikati. Ndivyo tulivyofanya mazoezi.

Mama kavitazama. "Mbali," kasema. Kamgeukia Redio. "Wewe marehemu. Kuna benchi pale uani. Lete."

Na Redio katupa biskuti, kapita dirishani ili watu wasimwone. Sasa hivi namsikia analiingiza, linagonga fremu, anaomba radhi kwa benchi. Watu wanacheka nje bila kujua wanacheka nini. Mkunga kavua miwani. Kimya anashika mlango. Mwalimu karudi kwenye kiti chake karibu na dirisha, na mikono yake haina kitu.

Mama keshaketi. Kaacha nafasi. Si kubwa, nikikaa bega litagusa bega.

Sijui miguu yangu itanipeleka kwenye benchi au jikoni. Jiko liko upande huu huu, karibu zaidi.

Wananiita. Fundi, popote ulipo, utukumbuke.